Tangi lisilo na oksijeni: kurudisha hewa, kubeba mtungi, kuvuta mpira au kutoingia kabisa?

Kipima gesi kimeshushwa hadi katikati ya tangi na kinasoma oksijeni asilimia 3. Ndani kuna kazi: kukwangua masalia, kuchomelea ufa, au kutoa kichocheo (dawa inayoharakisha mchakato wa kemikali) kilichochoka. Msimamizi ana njia nne. Anaweza kuifanya kazi kutoka nje, kurudisha hewa kwanza ndipo watu waingie, kuwavalisha mafundi mitungi mgongoni, au kuwapelekea hewa kwa mpira. Kila njia ina watu wanaoiapia, na kila njia imeshaua watu pale ilipotumiwa mahali pasipo pake.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa wasimamizi wa matengenezo, maofisa usalama na mafundi wa viwanda vya sukari na bia, bohari za mafuta, mitambo ya gesi na meli, pamoja na wale walioajiriwa kwenye vikosi vya matengenezo huko Ghuba. Haufundishi kuvaa barakoa. Hilo hujifunzwa kwa mikono, mbele ya mkufunzi. Unasaidia kuamua, kabla kibali cha kazi hakijasainiwa, njia ipi inaendana na kazi iliyopo.

Mambo matatu ya kuelewana kabla ya kulinganisha

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, naitrojeni kama 78, na argoni karibu 1. Kanuni za Marekani, ambazo mifumo mingi ya vibali katika mitambo ya mafuta imezifuata, zinaiita hewa haba ikishuka chini ya 19.5 na kuihesabu kuwa hatari ya moto ikipanda juu ya 23.5. Kati ya 16 na 12 mapigo ya moyo hupanda na mtu huanza kuamua ovyo bila kujijua. Ikishuka chini ya 10 anaweza kuzimia, na chini ya 6 ni suala la dakika chache tu. Kwenye naitrojeni tupu, pumzi moja au mbili zinamwangusha. Mwili haulalamiki kwa kukosa oksijeni. Kinachotufanya tuhisi kubanwa na pumzi ni kaboni dioksidi kujaa kwenye damu, na anayevuta naitrojeni anaendelea kuitoa kaboni dioksidi yake vizuri kabisa. Ndiyo maana anayeanguka hapigi hata ukelele.

La pili ni barakoa ya kichujio. Hata iwe mpya, hata kanista iwe ya rangi sahihi, inachuja tu; haizalishi oksijeni. Haina nafasi katika ulinganisho huu, na ukiiona imeandikwa kwenye kibali cha kuingia tangi lenye oksijeni haba, kirudishe hicho kibali.

La tatu linawapita hata mafundi wazoefu. Sensa ya gesi zinazowaka iliyomo kwenye vipima vingi hufanya kazi kwa kuichoma gesi kidogo juu ya waya wenye moto, na kuchoma kunahitaji oksijeni. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 10 au hapo, sensa hiyo husoma pungufu, pengine sifuri, hata kama tangi limejaa mvuke wa petroli. Kwa hiyo husomwa oksijeni kwanza, halafu gesi zinazowaka, halafu sumu. Sifuri ya gesi zinazowaka ndani ya naitrojeni haithibitishi lolote. Kwa hali hiyo hutafutwa kipima chenye sensa ya mwanga wa infraredi, kisichotegemea oksijeni.

Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza, na kwa maoni yetu kizito kuliko vyote, ni *kwa nini oksijeni haipo*. Naitrojeni iliyoingizwa makusudi kuzuia moto haifanani na oksijeni iliyoliwa na kutu, wala na kaboni dioksidi iliyotoka kwenye molasi inayochacha. Hewa haba ya kutu mara nyingi unaweza kuifukuza na isirudi kwa saa kadhaa. Naitrojeni iliyowekwa makusudi huenda ukiifukuza ukawasha moto.

Cha pili ni mlango: tundu la kuingilia lina upana gani, na kutoka pale mtu anapofanyia kazi hadi nje ni dakika ngapi. Cha tatu ni muda wa kazi yenyewe. Cha nne ni uokoaji: mtu akizimia, nani anamtoa, kwa kifaa gani, bila kuingia mwingine? Mwaka 1986 taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, iliandika kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa kwenye maeneo finyu ni wale waliokimbilia kuokoa. Cha tano ni gharama na mafunzo, na hapa gharama ni pamoja na watu wa nje, akiba ya hewa na muda wa mtambo kusimama, mbali na bei ya kifaa chenyewe.

Kuna sharti moja linalozihusu njia zote za kuingia, nalo ni kulitenga tangi. Valvu iliyofungwa si utengano, kwa sababu valvu huvuja. Ama kipande cha bomba kiondolewe, ama sahani ya chuma ya kuzibia ifungwe kati ya flanji (viungo vya bomba vyenye bolti), ama zifungwe valvu mbili na ile ya katikati ifunguliwe kutoa hewani. Kisha kila swichi na kila valvu ipigwe kufuli yenye lebo, na ufunguo ukae na anayeingia.

Njia ya kwanza: kufanya kazi kutoka nje

*Inavyofanywa.* Masalia hufyonzwa kwa gari la vakyumu kupitia tundu la juu, au huoshwa kwa pua ya maji ya shinikizo inayozunguka yenyewe. Ukaguzi hufanywa kwa kamera yenye taa kwenye mti mrefu. Kipimo cha unene wa chuma mara nyingi huchukuliwa kutoka upande wa nje wa ukuta. Kwa matangi makubwa ya mafuta kuna mashine zinazoendeshwa kwa rimoti zinazotambaa sakafuni na kusukuma tope.

*Muda.* Hauna kikomo cha hewa ya mtu, lakini kazi huenda polepole. Pembe, mabano na nyuma ya mabomba ya ndani hubaki na uchafu.

*Kinachoharibika.* Watu hudhani kwamba kwa kuwa hakuna anayeingia, hakuna hatari. Mdomo wa tangi lenye naitrojeni inayotiririka ni eneo la hatari kwa yenyewe, maana gesi inatoka hapo hapo na kumzunguka aliyeinama kuchungulia. Tarehe 5 Novemba 2005, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Valero huko Delaware City, Marekani, wafanyakazi wawili wa mkandarasi walikuwa wakitayarisha kurudisha bomba juu ya riakta (chombo cha mchakato wa kemikali) iliyokuwa ikipitishiwa naitrojeni. Kazi yao haikuhitaji kuingia. Ndani kulikuwa na roli ya tepu, na yaelekea mmoja alijaribu kuitoa, akaishia chini. Wa pili akashuka ngazi kumwokoa bila kifaa cha kupumulia. Wote wawili walikufa. Bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali za kemikali, CSB, ilikuta kwamba maonyo yaliyokuwapo hayakusema kuna naitrojeni.

Kwa hiyo hata anayefanya kazi nje anahitaji kizuizi kigumu mdomoni (wavu wa chuma au kifuniko, maana utepe wa rangi haumzuii mtu), bango linaloitaja gesi kwa jina, na kipima cha oksijeni kifuani.

*Uokoaji.* Ndio mwepesi kuliko zote, mradi mdomo umezuiwa na hakuna awezaye kutumbukia.

*Inamfaa nani.* Mwenye kazi ya kutoa vitu au kutazama, na mwenye uwezo wa kukodi gari la vakyumu au kamera. Haimfai anayehitaji kuchomelea au kubadilisha sehemu ndani.

Njia ya pili: kurudisha hewa kwanza

*Inavyofanywa.* Tangi hutengwa, huoshwa, kisha feni hupuliza hewa safi kupitia mrija mpana unaofika karibu na sakafu, huku tundu la upande wa pili likiwa wazi. Hapa hesabu inasaidia. Tukichukulia hewa inachanganyika sawasawa na tangi lilianza na oksijeni sifuri, baada ya kubadilisha hewa yote mara moja utapata kama asilimia 13 tu, baada ya mara tatu kama 19.9, na baada ya mara tano kama 20.8. Tangi la mita za ujazo 60 na feni ya mita za ujazo 1,500 kwa saa linahitaji dakika 12 kufikisha mara tano. Lakini hewa haichanganyiki sawasawa. Kuna kona na kuta za ndani, na nyuma ya ngazi hewa hulala tu bila kuondoka. Zidisha muda huo mara tatu kabla hata ya kufikiria kupima.

Kisha pima juu, katikati na chini. Naitrojeni ya joto la kawaida ni nyepesi kidogo kuliko hewa, lakini ikiwa baridi hutuama chini. Argoni na kaboni dioksidi ni nzito na hujikusanya sakafuni na kwenye mashimo. Mpira wa kuvutia sampuli una ucheleweshaji wake: subiri sekunde 6 au 7 kwa kila mita ya mpira, ongeza muda wa sensa kutulia, ndipo usome.

*Muda.* Mtu akishaingia anaweza kufanya kazi zamu nzima bila barakoa ya hewa, mradi feni haizimwi na kipima kiko naye. Hakuna njia nyingine ya kuingia inayotoa uhuru huo.

*Kinachoharibika.* Mengi, na karibu yote yanazuilika. Feni hunyonya moshi wa jenereta lililowekwa upande unakotoka upepo. Mrija huishia nusu ya kina na hewa mpya hutoka juu bila kufika chini. Tope likikoroganishwa hutoa gesi iliyonaswa, na kipimo cha asubuhi hakiko tena. Tangi la chuma lililooshwa likaachwa limefungwa usiku kucha na unyevu ndani huanza kutu upya, na kutu hula oksijeni. Vipimo vya jana havina thamani asubuhi. Nao wachomeleaji wanaotumia argoni kulinda weldi huijaza wenyewe ile chemba waliyomo.

Yapo makosa mawili ya kuogopa kuliko hayo. La kwanza ni kufungulia mtungi wa oksijeni wa kukatia chuma ili kuongeza hewa. Oksijeni ikipita 23.5, ovaroli, nywele na grisi huwaka kwa cheche moja, na moto huo hauzimiki kwa kupigapiga. La pili ni feni zile zisizo na mota, zinazoendeshwa kwa hewa ya shinikizo: fundi huzichomeka kwenye bomba lililo karibu, na katika mitambo mingi bomba la hewa na la naitrojeni yamesimama ukutani kandokando. Ukichomeka la naitrojeni, unalijaza tangi kwa juhudi ile ile uliyokuwa unalisafishia.

*Uokoaji.* Anayeingia avae hanesi ya mwili mzima yenye kamba iliyoungwa na winchi kwenye tripodi. Kama kina kinazidi mita 1.5 kwenda chini, mikono ya watu haitoshi kumvuta aliyezimia. Feni ikizimika, wote watoke na kupima kuanze upya.

*Inamfaa nani.* Kazi ndefu, watu wengi, matangi ya molasi, ya bia, ya maji, na matangi ya meli. Haimfai mwenye tangi lisiloweza kutengwa, wala lenye masalia yanayojiwasha yakikutana na hewa.

Njia ya tatu: mtungi mgongoni

*Inavyofanywa.* Fundi hubeba hewa yake mwenyewe kwenye mtungi, inayopita kwenye valvu hadi barakoa ya uso mzima yenye shinikizo chanya, yaani hata barakoa ikilegea kidogo, hewa hutoka nje badala ya gesi kuingia ndani. Ndevu ni marufuku kwenye mstari wa mpira wa barakoa, na kila mtu apimwe ulingano wa uso wake na saizi yake kabla ya siku ya kazi. Kanuni za Marekani zinataka barakoa ya uso mzima ya kubana, ulingano wake ukipimwa kwa mashine, ifikie angalau 500, yaani chembe zilizo nje ya barakoa ziwe mara 500 ya zilizo ndani.

*Muda.* Hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa hadi shinikizo la bari 300 unaandikwa kuwa na lita 2,040, lakini hewa kwa shinikizo hilo haifuati hesabu rahisi; kwa kweli ni kama lita 1,850. Filimbi ya kuonya hulia kwenye bari 50 hadi 60. Mtu anayefanya kazi nzito anatumia lita 60 kwa dakika, si zile 40 zinazotumika kuandika lebo ya mtungi.

Sasa tuifanye safari yenyewe. Geji inasoma 300 mdomoni. Kushuka ngazi na kuvuka hadi mahali pa kazi kunakula bari 40. Geji inasoma 260. Kutoka huchukua muda ule ule au zaidi, kwa hiyo tenga mara mbili, bari 80, na bari 50 za akiba zisizoguswa. Maana yake ni kwamba geji ikifika 130 unageuka, kazi imekwisha au haijakwisha. Kazi halisi imefanyika kwa bari 130: mara lita 6.8 ni lita 884, na kwa lita 60 kwa dakika ni karibu dakika 15. Mtungi ulionunuliwa kama wa dakika 45 umekupa robo saa ya spana. Anayengoja filimbi ndipo ageuke amebaki na lita 370 hivi, dakika 6 za mtu anayehema, na ngazi bado iko mbele yake.

*Kinachoharibika.* Seti yenye mtungi wa kompoziti ina uzito wa kama kilo 10, ya chuma inakaribia 16. Tundu la zamani la milimita 450 halimpitishi mtu mwenye mtungi mgongoni. Kishawishi ni kuvua seti, kuipitisha mbele, kisha kuivaa upande wa pili. Usikikubali kwa hali yoyote, kwa sababu ikinasa au ikianguka, uso wako uko kwenye naitrojeni. Joto nalo linahesabika: kwenye tangi la bati mchana wa Pwani, mtu huchoka kabla mtungi haujaisha.

*Uokoaji.* Ndio ubora wake mkubwa. Waokoaji hawategemei kompresa wala mpira, na wanaweza kupita njia yoyote. Kikosi cha nje kiwe kimeshavaa seti, barakoa zikining'inia kifuani. Kufungua makasha baada ya mtu kuanguka ni kuchelewa.

*Inamfaa nani.* Kazi fupi iliyo karibu na mdomo wenye upana wa milimita 600 hivi: kufunga valvu, kuweka sahani ya kuzibia, kuchukua sampuli. Na kila kikosi cha uokoaji, hata pale waingiaji wanapotumia njia nyingine.

Njia ya nne: mpira wa hewa na mtungi mdogo wa kutorokea

*Inavyofanywa.* Hewa hutoka kwenye kompresa ya hewa ya kupumua au safu ya mitungi mikubwa, ikapita kwenye ubao wa geji na mpira hadi barakoa. Kiunoni fundi ana mtungi mdogo wa dakika 5, 10 au 15, ambao hewa ya mpira ikikatika huufungulia na kutoka. Kwa hewa isiyo na oksijeni ya kutosha, mpira bila mtungi huo haukubaliki. Idhini ya NIOSH huweka urefu wa mpira usizidi futi 300, kama mita 91, na shinikizo la kuingilia ni lile lililoandikwa na mtengenezaji wa seti husika.

*Muda.* Mtungi mmoja wa lita 50 wenye bari 200 una kama lita 10,000. Mtu mmoja wa kazi nzito anaumaliza kwa saa mbili na dakika 45 hivi. Wawili, nusu yake. Kwa kompresa, muda ni wa mwili wa mtu na si wa hewa.

*Kinachoharibika.* Chanzo cha hewa kwanza. Kiwango cha Marekani cha hewa ya kupumua kinataka oksijeni kati ya 19.5 na 23.5, monoksidi ya kaboni isizidi sehemu 10 kwa milioni, kaboni dioksidi isizidi 1,000, na mafuta miligramu 5 kwa mita ya ujazo. Kile cha Ulaya ni kikali zaidi, monoksidi 5 na mafuta miligramu 0.5. Kompresa ya gereji ya kupulizia rangi haifikii hapo. Mafuta yake yakipata joto kupita kiasi hutoa monoksidi yenyewe, na kichujio cha kawaida hakiizuii. Mdomo wa kompresa uwe mbali na ekzosi, na mbali vilevile na tundu linalotoa gesi ya tangi lile lile.

Pili, viungio. Koneka za hewa ya kupumua zikifanana na za naitrojeni, siku moja mtu atachomeka pasipo. CSB, katika taarifa yake ya 2003, ilihesabu matukio 85 ya naitrojeni nchini Marekani kati ya 1992 na 2002, yakiwa na vifo 80, na kuchanganya mabomba ya naitrojeni na ya hewa ni mojawapo ya vyanzo ilivyovitaja. Dawa si rangi wala lebo. Koneka ya hewa ya kupumua iwe ya umbo lisiloingia kwenye bomba jingine lolote la kiwandani, na hewa ipimwe kwenye ncha ya mpira kabla ya kuvaliwa.

Tatu, mpira wenyewe. Hukatwa na ukingo wa tundu (weka ala ya mpira mzito hapo), huyeyuka kwenye bomba la moto, hujifunga ngazini, na unakulazimisha urudi kwa njia uliyojia. Mtu wa nje kazi yake ni kuulisha na kuuvuta, na si kushika simu.

*Uokoaji.* Pima muda wa kutoka ukiwa umechoka. Ukiwa dakika 8, mtungi wa kutorokea wa dakika 10 ni mdogo, maana mtu mwenye hofu hupumua mara mbili.

*Inamfaa nani.* Kazi ya saa nyingi katika tangi lisiloweza kurudishiwa hewa, lenye tundu dogo, lisilo na kona nyingi.

Aina yake kali ni kuingia ndani ya naitrojeni kwa makusudi. Riakta za kuondoa salfa kwenye dizeli huwa na kichocheo kilichotumika chenye salfidi ya chuma, ambayo hujiwasha ikiguswa na hewa. Hapo kurudisha hewa ni kuwasha moto, na naitrojeni hubaki inatiririka huku watu wakiwa ndani. Wanaoingia huvaa helmeti inayofungwa kwa kufuli, isiyovulika kwa mkono wa mvaaji akichanganyikiwa, yenye hewa ya vyanzo vitatu: mkuu, wa akiba, na mtungi wa mwilini. Wanaonekana kwa kamera na kusikika kwa waya muda wote. Joto la kichocheo na kiwango cha oksijeni hufuatiliwa kutoka nje. Oksijeni *ikipanda*, wanatolewa, jambo linalowashangaza wageni. Taasisi ya mafuta ya Marekani, API, ina mwongozo wake maalumu, RP 2217A. Kwa kichocheo chenye nikeli hakikisha pia hakuna monoksidi ya kaboni, kwani ikikutana na nikeli iliyopoa hufanya nikeli kabonili, sumu inayoua kwa kiwango kidogo mno. Kazi hii hupewa kampuni zilizobobea. Kikosi cha kawaida cha matengenezo kikiombwa kuifanya kwa sababu kina mipira na barakoa, jibu ni hapana.

Uchague vipi kwa hali yako

*Tangi la molasi au la kuchachushia bia.* Gesi ni kaboni dioksidi, nzito. Mimina, osha, puliza kutoka chini au fyonza kutoka sakafuni, pima chini kabisa. Njia ya pili inatosha mara nyingi. Ongeza kipima cha kaboni dioksidi, kwa sababu gesi hiyo ni sumu yenyewe: oksijeni inaweza kusoma 19.8 huku kaboni dioksidi ikiwa imefika asilimia 5.

*Tangi la maji ya mizani la meli, limefungwa miezi.* Kutu imekula oksijeni. Njia ya pili, lakini kila chemba ipimwe peke yake. Mashimo ya kupenyea kati ya chemba hayapitishi hewa kama unavyodhani. Kona za mbali zikiwa na matope, mpira wa hewa kwa anayeyakoroga.

*Ukaguzi tu, bila kugusa kitu.* Njia ya kwanza. Kama mhandisi anasisitiza aone kwa macho yake, aonyeshwe picha za kamera kwanza. Mara nyingi hoja huishia hapo.

*Kufunga sahani ya kuzibia kwenye flanji ya laini ya naitrojeni.* Iko nje, lakini flanji ikifunguka inapuliza usoni. Mtungi mgongoni, wawili wawili, na upepo ukitokea nyuma yao.

*Riakta yenye kichocheo kinachojiwasha.* Fyonza kutoka juu kadiri inavyowezekana. Kilichobaki ni cha kampuni ya kuingia kwenye naitrojeni. Kama mtambo unaruhusu kichocheo kuloweshwa au kuoksidishwa taratibu hadi kisijiwashe, linganisha siku za ziada za kusimama na gharama ya kikosi hicho kabla ya kuamua.

*Kiwanda kidogo kisicho na kikosi cha uokoaji.* Njia ya tatu na ya nne hazikufai, hata kama seti zimenunuliwa. Fanya kazi kutoka nje au rudisha hewa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya 2003 na ile ya Kenya ya 2007 zinamwekea mwajiri wajibu wa usalama wa wafanyakazi wake, na namba ya zimamoto iliyobandikwa ukutani si mpango wa uokoaji: ubongo unaanza kuharibika kwa dakika nne hivi bila oksijeni.

*Mtambo wa jirani unaendelea kufanya kazi na laini ya naitrojeni haiwezi kutengwa.* Usipulize, usiingize mtu. Ama kazi ifanyike kutoka nje, ama isubiri siku laini itakapozimwa, na tarehe hiyo iandikwe kwenye kibali badala ya jina la anayeingia.